Viti Sita vya Chai ya Pasaka

Palikuwa na mama mmoja, ndugu zangu, aliyeangukiwa na zamu ya chai ya Pasaka. Mnaijua desturi yetu sisi Wamoraviani: Jumapili ile tunaanzia makaburini kabla jua halijatoka, tunawaimbia waliotutangulia, kisha ukoo mzima unateremka kwenye nyumba moja kunywa chai. Mwaka ule nyumba ilikuwa yake. Na katika ukoo huo alikuwamo wifi yake, dada wa mumewe, mwanamke ambaye akiingia kwako macho yake yanafika jikoni kabla hajakusalimu.

Mama huyu alikuwa na viti sita vya mezani. Mbao nzima, lakini vitambaa vimechakaa mpaka sponji inachungulia. Akaapa moyoni kwamba safari hii wifi hatapata la kusema. Akanunua kitambaa chekundu cha maua na misumari midogo, akaazima nyundo kwa jirani. Ijumaa Kuu, alipotoka tu kanisani, akapiga magoti sebuleni. Si kwa maombi. Kwa kazi.

Mumewe akasimama mlangoni. "Mama Tusa, umeona leo ndiyo siku ya kupigilia misumari?"

"Kama ni kosa nitatubu Jumatatu. Hebu nishikie hapa."

Binti yake mkubwa naye akasema, "Mama, fundi huwa anavua kwanza kitambaa cha zamani, anatazama na sponji."

"Fundi hapokei wageni kesho kutwa. Funika juu kwa juu."

Wakafunika. Jumamosi saa nane mchana viti sita vilikuwa vimeizunguka meza, utadhani vya maharusi. Mama akakaa kwenye kimoja, akanyoosha miguu, akafumba macho amshukuru Mungu. Hajafika amina, akahisi kitu kinamfinya pajani. Akajikuna. Kikafinya upande wa pili. Akainuka, akakipindua kiti, akabandua pembe ya kitambaa.

Kunguni. Kwenye mshono wa kile kitambaa cha zamani, wamejipanga kama kwaya.

Mnacheka. Chekeni, lakini kila mtu akumbuke na sebule yake.

Mumewe akaja, akatazama, akasema taratibu, "Watu wanakunywa chai saa moja tu, wanaondoka. Atakayeumwa atadhani mbu. Rudishia hiyo pembe, haya tutayamaliza Jumatatu."

Maneno matamu hayo. Mama alisimama pale, nyundo mkononi. Akamwona kwa mawazo baba mkwe wake amekaa, na watoto wa shemeji zake, na wifi mwenyewe, halafu wote wanarudi makwao na kunguni wake kwenye nguo za Pasaka. Heshima yake ingebaki. Kwa muda gani? Na kwa hasara ya nani?

"Nipe koleo," akasema.

Akang'oa msumari mmoja mmoja, kazi yote ya siku mbili. Kitambaa chekundu kikachanika, cha zamani kikatupwa motoni pamoja na sponji. Akachemsha maji sufuria kwa sufuria, akamimina kwenye kila kiungo cha mbao. Jioni viti sita vilikuwa uani, mifupa mitupu, vinanyeshewa manyunyu.

Pasaka asubuhi ukoo ukaingia ukiimba. Wifi akazungusha macho.

"Wifi, mbona mikeka? Viti umeuza?"

Watu wakacheka. Ungekuwa wewe ungejibu nini? "Viko kwa fundi." Uongo mdogo, msafi, haumdhuru mtu. Mama alikuwa nao mdomoni tayari. Akaumeza.

"Viti vyangu vina kunguni, wifi. Nilivifunika kwa kitambaa kipya ili usione uchakavu, kumbe wamo chini yake. Nafsi ikanisuta, jana nikakivua."

Wifi akavua viatu, akaketi mkekani karibu yake.

"Mwaka jana kwangu mlikalia viti vya kukodi," akasema, "mkasema naringa. Vyangu nilivifungia chumbani. Ni hao hao."

Baba mkwe akakohoa. "Basi na kitanda changu."

Chai ile ilinyweka mpaka saa sita. Na Jumatatu ukoo mzima ulipita nyumba kwa nyumba na sufuria za maji ya moto.

Sisi je? Tumekuja hapa tumepigwa pasi, tumefunga vilemba, tumekaa wima. Chini ya kitambaa kuna nini? Tunaumwa kila siku, na kila mmoja anadhani ni yeye peke yake, kwa sababu jirani naye kafunika. Tunaongeza wimbo juu ya chuki, mfungo juu ya chuki, halafu tunashangaa mbona amani haitulii.

Sitawatuma mahali ambapo mimi sijaenda. Mimi ni mtu wa darasa la saba, sijui mengi, lakini hili nalijua kwa kuumwa. Wiki tatu sasa nahubiri msamaha kwenye madhabahu hii, na wiki tatu sijampa mkono mzee wetu wa kanisa, kwa sababu ya neno aliloniambia kikaoni. Nimekuwa nikipita mlango wa nyuma nisikutane naye. Yuko pale, benchi la pili.

Mzee, usinyanyuke. Leo nashuka mimi.