Kilichokuwa Ndani ya Hori

Ndugu zangu, kaeni. Hata ninyi wa mlangoni, nafasi ipo huku mbele, na sijawahi kumng'ata mtu.

Muda si mrefu watoto wetu wa kipaimara watasimama hapa mbele. Wavulana na makoti yanayowapwaya, mabinti na magauni meupe. Kila mwaka tunawatazama tukifurahi, tunawapiga picha, tunakwenda kula pilau. Mwaka huu mimi ninawatazama nikiogopa. Nikisema kwa maneno makavu mtasinzia, nawajua, kwa hiyo nitawaambia kwa mfano.

Kulikuwa na mama mmoja, wa usharika wa mbali, kwa hiyo msianze kugeuka kutazamana. Alikuwa na ng'ombe mmoja wa maziwa, wa kufungiwa bandani, kama tunavyofuga huku mlimani. Ng'ombe huyo alimwita Ulaya, maana mbegu yake ilitoka huko. Mama huyu akiamka, kabla hajamsalimia hata mume wake, anakwenda bandani kumsalimia Ulaya. Alijua Ulaya anapenda majani yapi na anayaacha yapi. Alijua pumba kiasi gani, mashudu kiasi gani, chumvi lini. Ulaya akicheua polepole kuliko jana, mama anajua. Mnacheka, lakini wengi wenu ndivyo mlivyo.

Mama huyu alikuwa pia na binti, wa umri wa hawa wetu wa kipaimara. Mtoto mzuri, mpole, mwenye heshima, ukimwita anaitika "abee" na tayari yuko njiani kuja. Shuleni alicheza netiboli. Alikuwa akirudi jioni miguu ina vumbi, sauti imekauka kwa kupiga kelele, na njaa ya kumaliza chungu. Huo ndio mwili wa binti anayekua. Unadai chakula, unadai kukimbia, unadai kulala. Mungu mwenyewe ameuweka udai, kwa sababu bado unajengwa.

Sasa, fundi wa magauni akaja kwenye darasa la kipaimara. Mnajua mafundi wetu wanavyopima. Mabinti wanapangwa foleni, fundi anazungusha futi, anataja vipimo kwa sauti ili msaidizi wake aandike. Kifua. Kiuno. Nyonga. Mbele ya wenzao, mbele ya wavulana waliokaa kwenye mabenchi, mbele ya mwinjilisti. Nani kati yetu amewahi kusimama akasema, jamani, tafuteni chumba? Hakuna, na mimi nimo. Fundi alipomfikia binti huyu akataja kiuno chake, kisha akatia mzaha.

"Huyu kitambaa chake tukate pamoja na cha akina mama wa kwaya."

Watoto wakacheka. Mwinjilisti akatabasamu. Binti naye akacheka, kwa sababu mtu akichekwa mbele ya watu wote afanye nini? Fundi akaita, "Mwingine," na kabla ya chakula cha mchana alikuwa ameshasahau. Hakuwa mtu mbaya. Nataka mlielewe hilo, maana tungependa sana awe mtu mbaya ili sisi tuwe wazuri.

Kuanzia siku ile binti akaanza kuogopa sahani. Sikilizeni vizuri hapa. Ninyi mnaogopa nyoka, mnaogopa wezi, mnaogopa matokeo ya vipimo vya hospitali. Huyu mtoto aliogopa kipande cha ndizi. Akiona mafuta yanaelea juu ya mchuzi, moyo unamwenda mbio. Mkononi ana kijiko, na anakiogopa. Tena aliona aibu kusema, kwa sababu nyumba nzima ingemcheka. Nani huyo anaogopa ndizi mlima huu?

Mtaniuliza, sasa alifichaje, nyumba ina baba na mama? Alificha mahali rahisi kuliko pote, jikoni kwetu. Nyumbani kwenu nani anapakua? Ni binti. Baba anapelekewa sebuleni, anakula huku anatazama taarifa ya habari. Kaka wanapelekewa, wageni wanapelekewa, mama anakula amekaa kwenye kigoda huku anachambua mboga za kesho. Na anayepakua anakula lini? Mwishoni. Anakula wapi? Huko huko jikoni, peke yake. Sahani ya kila mtu inajulikana, isipokuwa ya yule aliyezipakua.

Mama akiuliza, "Umekula?" anajibiwa, "Nimeshakula jikoni, mama." Na mama anaridhika, kwa sababu jikoni ni kweli ametoka, na sufuria ni kweli ni tupu.

Netiboli akaacha. Hakutaka kuvaa kaptura watu wamwone mapaja. Badala yake akawa anaamka kabla ya kila mtu, anachukua mundu, anakimbia na tumbo tupu kwenda kukata majani ya Ulaya. Majani ya karibu aliyapita, akaenda ya mbali. Akajitwisha mzigo, akapanda nao mlima, akautua bandani, akarudi tena bila kutumwa. Hakuwa akicheza wala hakufurahi. Alikuwa akikimbia kama mtu anayefukuzwa. Jirani akimwona anamwambia mama yake, "Dada, umebarikiwa. Wangu mpaka nimmwagie maji ndiyo aamke." Mama anacheka, anasema ni kweli, amebarikiwa.

Kwa jinsi baridi ya mlimani ilivyo, binti alivaa sweta, na juu ya sweta akajifunga khanga. Nani angeona kitu? Mambo yake ya kila mwezi yakakatika. Msiiname, akina baba, hayo nayo Mungu ameyaumba. Yakakatika, na binti hakumwambia mtu. Nywele zikabaki kwenye kitana. Akiinuka ghafla dunia inazunguka, anashika mlango, anangoja, anaendelea na kazi. Mama alikuwa hatua chache tu kutoka hapo, akimchanganyia Ulaya pumba.

Basi siku moja Ulaya akakataa kula.

Jamani, ilikuwa msiba. Mama aliona asubuhi, majani yamebaki, ng'ombe ameinamisha kichwa, hacheui, kinyesi ni cha majimaji na kina harufu ya kuchacha. Mama hakunywa chai. Alimpigia simu daktari wa mifugo, akampigia tena, akasimama barabarani kumngoja. Daktari akaja na pikipiki yake. Binti akaambiwa ashike kamba.

Daktari akabonyeza ubavu wa kushoto, akasikiliza, akavuta kope la ng'ombe akatazama ndani ya jicho. Akauliza, "Mama, huyu unamlisha nini?"

Mama akamweleza chakula chote tangu alfajiri mpaka jioni, bila kusita hata kidogo.

"Na ugali?"

"Ugali? Daktari, mimi nimlishe ng'ombe ugali nina wazimu?"

 Daktari akainamia hori la kulishia, akafukua majani kwa mkono mpaka chini kabisa. Akatoa bonge la ugali. Akatoa makande. Akatoa ndizi za kupikwa, nzima, hazijaguswa na jino. Akatoa vya jana na vya juzi, vimechacha, vingine ng'ombe ameshavila mpaka tumbo lake limeharibika. Mwisho akatoa kipande cha nyama.

Mama akakitambua kile kipande. Alikuwa amekichagua mwenyewe Jumapili, kile kizuri, chenye mfupa laini, akakiweka pembeni ya sufuria akasema, hiki ni cha binti yangu.

Mnafikiri alielewa? Hakuelewa. Hasira ilimfika kwanza. Akamgeukia mtoto akasema, "Yaani ni wewe? Ni wewe unayetaka kuniulia ng'ombe?"

Binti akafungua mdomo ajibu. Kamba ikamtoka mkononi. Akaanguka pale pale kwenye matope ya banda, na hakutoa sauti, kwa sababu hakuwa na uzito wa kutosha kutoa sauti.

Daktari wa mifugo akamwacha ng'ombe. Akapiga magoti, na kwa mkono ule ule akavuta kope la mtoto, akatazama ndani ya jicho. Palikuwa peupe, hapana damu. Akashika mkono atafute mapigo, akayatafuta muda mrefu. Akasema, "Mama, ng'ombe wako atapona. Huyu je, amekula lini mara ya mwisho?"



Mama aliyeweza kutaja chakula cha ng'ombe tangu alfajiri mpaka jioni alihesabu siku kwa vidole, akapotea. Akamfungua mtoto sweta ili apate hewa. Ndani ya sweta hapakuwa na mtoto aliyemjua. Palikuwa na mbavu. Mama akaita jina la mtoto, akaita tena, na ile sauti walioisikia kule mgombani hawajaisahau.

Hospitali wakamtundikia dripu. Daktari wa watu akamweleza mama kwamba mwili usipopewa chakula hautulii ukangoja. Unaanza kujila wenyewe. Unakula nyama ya mikono, unakula nyama ya miguu, na moyo nao ni nyama. Moyo wa binti huyu ulikuwa ukipiga polepole kama wa mtu aliyechoka kuishi. Mama akakaa kitandani anahesabu pumzi za mwanawe, anaogopa hata kupepesa macho. Binti akaamka, akaona ule mpira umeingia mkononi, akaona maji yanadondoka. Mnajua neno lake la kwanza lilikuwa nini?

"Mama, hayo maji yana sukari? Yatanifanya ninenepe?"

Alikuwa karibu na kaburi, na bado alichoogopa ni kiuno.

Sasa acheni mfano, tuje kwetu.

Sisi tunasema tunawapenda mabinti zetu. Lakini tunawasalimia kwa kuanzia nini? Tunaanzia mwilini. Umejazia siku hizi. Mbona umekauka. Wewe kwa umbo hilo utaolewa mapema. Tunasema tukicheka, tunapita, tunasahau kabla ya mchana, kama yule fundi. Binti anakwenda na neno hilo jikoni. Sisi tunamkataza kucheza mpira kwa sababu amekuwa mkubwa, halafu tunamtwisha mizigo tunasema hayo ndiyo mazoezi. Sisi tunampa kazi ya kutulisha sote na hatumuulizi. Au tunamuuliza tukiwa tumempa mgongo.

Na ninyi mabinti zangu, inueni nyuso, siwagombezi. Kunywa uji asubuhi. Kula ndizi, kula maharage na dagaa, kula mboga na parachichi, kunywa maziwa ya ng'ombe huyo huyo unayemkatia majani. Kimbia ukiwa na wenzako, ruka, cheka, rudi nyumbani una njaa na ule bila kumwomba mtu msamaha. Mwili huo si adui yako, na haukupewa ili utoshe kwenye gauni la siku moja. Gauni ndilo linaloshonwa likutoshe wewe. Na kama wewe unayenisikiliza sasa hivi unaogopa sahani, na hakuna anayejua, mwambie mtu leo. Mwambie mama, mwambie shangazi, mwambie mwalimu, njoo kwa mke wangu pale nyumbani. Kuna madaktari wa jambo hilo, ni ugonjwa kama magonjwa mengine. Hakuna atakayekucheka. Atakayecheka nitashughulika naye mimi.

Mnataka kujua kama yule binti alipona. Anapona, polepole, kijiko kimoja kimoja, na mama amekaa mbele yake kila mlo. Lakini hilo silo linaloninyima usingizi. Kinachoninyima usingizi ni Ulaya. Aliyemwokoa yule mtoto si baba yake, wala mama yake, wala mwinjilisti, wala kanisa. Ni ng'ombe aliyeumwa tumbo. Na kama Ulaya angekuwa na tumbo gumu kidogo, angeendelea kula, tena angenenepa, na mama angemsifia maziwa mpaka siku ya kumzika binti.

Kwenu mna ng'ombe? Wengi wenu hamna. Kwenu chakula kinamwagwa chooni, au anapewa mbwa, na mbwa haumwi.

Mmeona kwamba ng'ombe nimemtaja jina, na binti sikumtaja. Jina lake analijua kila aliyekaa hapa akiwa na binti nyumbani. Leo jioni, akimaliza kupakua, usimwulize kama amekula. Beba sahani yako, nenda jikoni, ukae naye.