Kwa Nini Msemaji wa Kuala Renjong Hutanguliza Kapu la Matope

Hapo kale, mito ilipokuwa bado na masikio, mto wa Kuala Renjong ulikwenda baharini moja kwa moja. Leo una kona pale mjini, umejikunja kama kiwiko cha mtu aliyeegemea mto wa kulalia, lakini wakati ule haukuwa na kona hata moja. Ulishuka kutoka milimani na udongo wake, ukapita mbele ya baraza la mji, ukaenda kuumwaga nje huko kwenye kina kirefu. Haukumsumbua mtu.

Kuala Renjong ni mji wa bandari, mashariki ya mbali, katika nchi ya Wamalai. Wachina walitia nanga hapo na hariri na sahani za kaure, Wahindi walileta nguo, Waarabu walileta tende na ubani, na wenyeji wakawauzia wote pilipili manga na kafuri. Watu walioana wakachanganyika, hata ukimwuliza mtu asili yake alikutajia pwani na visiwa mpaka tambuu ikamwishia mdomoni. Ulikuwa mji wenye neema. Ungekuwa na neema zaidi kama watu wake wangejua kufunga mdomo.

Maana walipenda kusema, jamani. Si soga, soga kila mtu anapiga. Hawa walipenda hotuba. Baraza lao lilisimama juu ya nguzo kando ya maji, halina kuta, ili asibaki mtu asiyesikia, na kila jambo lilipelekwa hapo. Mbuzi kala mche wa jirani, baraza. Paa la soko linavuja, baraza, na mvua inanyesha juu ya mchele huku msemaji bado anamshukuru aliyemtangulia. Ndiyo ilivyokuwa desturi: huanzi lako mpaka uwasifu waliosema kabla yako, mmoja mmoja. Ukimruka mmoja, huyo aliyerukwa anaomba nafasi ya kulalamika, na wanaomfuata sharti wayasifu malalamiko yake. Haya, mji gani unajengwa hivyo?

Aliyewashinda wote kwa kusema alikuwa mwanamke, jina lake Senah. Walimwita Mak Senah, maana mak ni mama kwa lugha ya kule. Alikuwa mjane mwenye ghala la pilipili manga, na sauti yake ilikuwa nzito na tamu. Akisimama barazani, wachukuzi walitua magunia, na wanawake waliacha vyungu vikafurika. Na mto nao ulisimama. Ukifika mbele ya baraza ulipunguza mwendo ili usikie vizuri, na sauti ya Senah ikianza, ulikaribia kulala kabisa. Hakuna aliyeliona hilo. Nani angeliona, na kila mtu alikuwa anasubiri zamu yake?

Basi matope yakaanza kujaa. Kwanza likatokea fungu dogo katikati ya mto, ndege wakapata pa kusimama. Kisha fungu likanenepa. Merikebu kubwa zikaacha kuingia, zikawa zinatia nanga mbali na kushusha mizigo kwa mitumbwi, na nyingine zilipoona adha hiyo zikapita zao kwenda bandari za wenzao. Mtu mwenye akili angechukua koleo. Watu wa Kuala Renjong waliitisha baraza.

Mwenyekiti alikuwa Tok Dahlan. Tok ni babu, na wote walimwita hivyo, hata wale waliomzidi umri. Tok Dahlan alisema matope yametoka milimani, kwa hiyo wa kuulizwa ni watu wa milimani. Baba Liong, tajiri wa kaure, akamsifu Tok Dahlan, kisha akasema kwanza ijulikane wachimbe nani: waliotangulia kuhamia mjini, au wenye vyombo vikubwa? Yeye alikuwa amehamia jana tu na alikuwa na chombo kikubwa kuliko vyote, kwa hiyo alitaka jambo hilo lizungumzwe bila haraka. Mak Senah naye akasimama, akaueleza msiba wa bandari kwa maneno yaliyowaliza watu. Asubuhi yake fungu lilikuwa limepanda kimo cha mtoto. Wakasema, loo, kumbe jambo hili ni zito, tulizungumze tena.

Sasa, Mak Senah alikuwa na mtoto mmoja tu, Melur, aliyeolewa ng'ambo ya pili ya mto. Mimba ya kwanza ya Melur iliharibika. Siku ile alimwita mama yake, na mama yake alikuwa barazani, anazungumzia ada ya gati. Alipofika kulikuwa kumekwisha safishwa. Melur hakumlaumu, na hilo lilimwuma Senah kuliko lawama. Kwa hiyo mimba ya pili ilipotimia, aliapa. "Safari hii nitakuwapo," alimwambia mwanawe. "Uchungu ukianza, mumeo atundike saruni nyekundu kwenye mti ufukweni. Nikiiona tu, nakuja kukushika mkono." Melur alisema, "Usinidanganye, Mak. Peke yangu siwezi tena."

Saruni nyekundu ilipanda asubuhi moja, jua limeshakolea. Senah aliiona akiwa barazani, na Tok Dahlan alikuwa ndiyo kwanza anamkaribisha aseme. Aliteremka ngazi bila kuaga, akajitupa ndani ya mtumbwi wake, akashika pondo. Maji yalikuwa yamekupwa. Hakufika hata katikati, mtumbwi ukakaa juu ya tope. Alisukuma, pondo likazama likabaki huko. Akashuka kwa miguu, tope likamla mpaka mapajani, na kama wachukuzi wasingemtupia kamba, habari yake ingeishia hapo.

Wakamvuta ukingoni. Na unadhani walifanya nini baada ya hapo? Waliitisha baraza la dharura.

Senah alibaki amesimama ukingoni, saruni yake imejaa tope, akiitazama ile nyekundu ya ng'ambo inavyopepea. Uvumilivu ukamwishia, akaugeukia mto. "Wewe nawe una nini? Milimani unakimbia kama mwizi, baharini kuna nafasi ya kutosha, lakini ukifika hapa kwetu unalala. Mwanangu anazaa peke yake kwa sababu yako."

Mto ukamjibu. Zamani zile haikuwa ajabu. "Mimi nawasikiliza nyinyi," ulisema. "Mtu mwenye mzigo akisimama kusikiliza hadithi, mzigo anautua chini. Ulitaka niwasikilize nimeubeba? Na wewe ndiye mtamu kuliko wote. Endelea, nakusikia."

Senah aliugeuzia mto mgongo. Alipanda ngazi za baraza mbio, akawaambia wote: mto unasimama kwa ajili ya maneno yetu, tukinyamaza utakwenda, nawaomba mnyamaze. Nawaomba mnyamaze sasa hivi.

Tok Dahlan alitikisa kichwa kwa heshima. "Hoja ya Mak Senah ni nzito," alisema, "na kabla hatujanyamaza ni vizuri tumshukuru kwa kuileta." Wakamshukuru, mmoja mmoja. Baba Liong akauliza kama kukohoa kutahesabiwa. Mwingine akataka kujua wataanza kunyamaza wa upande gani, maana si haki upande mmoja unyamaze huku wa pili unafaidi. Mwingine akapendekeza iundwe kamati ya ukimya, na kamati hiyo iwe inakutana mara kwa mara. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na tumbo lililokuwa likiuma lilikuwa ng'ambo, chini ya saruni nyekundu.

Hapo Senah akafanya alilolizoea. Akasimama kuhutubia. Alisema juu ya ukimya, na hakuwa amewahi kusema vizuri vile maishani mwake. Alisema jinsi mbegu inavyoota kimya na mama anavyomtazama mtoto aliyelala. Watu walifuta machozi. Alipotupa jicho majini aone kama mto umeondoka, aliona mtumbwi wake uliokwama, ambao muda mfupi tu nyuma ulikuwa umeelea nusu, sasa umekauka wote na kuinama ubavu. Mto ulikuwa umesimama kabisa. Ulikuwa unamsikiliza yeye.

Senah alikata neno katikati. Hakumalizia.

Alishuka, akaingia ghalani mwake, akamwaga pilipili manga chini, akatoka na kapu tupu na koleo. Akaingia kwenye tope la ukingoni, akachimba, akajaza kapu, akalibeba mpaka nyuma ya baraza, akamwaga. Akarudi. Tok Dahlan akauliza kutoka juu, "Mak Senah, unachimba kwa idhini ya nani?" Senah alijaza kapu jingine. Baba Liong akateremka na joho lake la hariri ili amweleze kwamba mambo hayaendi hivyo. Alipofungua mdomo tu, Senah alimsukumizia kapu kifuani. Lilikuwa zito, nalo lilikuwa linamchuruzikia. Baba Liong alitaka kusema, akakuta pumzi yote imekwenda kwenye kubeba. Akaenda akalimwaga, na kwa kuwa wote walikuwa wanamtazama, akaona haya kurudi mikono mitupu.

Wakashuka mmoja mmoja. Wengine walishuka kwa huruma, wengine kwa sababu baraza limebaki tupu na hakuna wa kumsifu. Kila aliyeshuka na neno mdomoni alipewa kapu, na neno likarudi lilikotoka. Ukitaka kujua, jaribu wewe: jaza kapu tope la pwani, lipandishe ukingoni, kisha hutubu. Saa ya adhuhuri, kwa mara ya kwanza tangu mji ujengwe, Kuala Renjong ilikuwa kimya. Ulisikika mchele ukichemka majumbani.

Mto ulingoja. Ulingoja sana, maana ulikuwa umezoea. Ulipoona hakuna neno linalokuja, ukachoka kukaa, ukajitwika mzigo wake ukaanza kutembea. Fungu likaanza kumeguka. Mtumbwi ukatikisika, ukainuka. Senah akaurukia na kasia la kuazima, bado hajasema kitu, anaogopa hata kuhema kwa sauti.

Na katika kimya kile, kutoka ng'ambo, mtoto alilia.

Ilikuwa sauti moja tu mji mzima, na mto ulikuwa na kiu ya kusikia. Ukageuka pale pale. Uliacha njia yake ya siku zote, ukajikunja kuelekea ng'ambo, ukaibeba ile sehemu ya tope iliyobaki na mtumbwi wa Senah ndani yake, ukampeleka mpaka mlangoni kwa Melur. Hapo ndipo ilipo kona mpaka leo.

Senah aliingia akiwa na matope mpaka kiunoni. Melur alikuwa amelala mkekani, uso umepauka, mtoto kifuani, wote wazima. Mkunga hakuwahi kufika. Naye alikuwa upande wa mjini, amezuiwa na tope lile lile. Mume alikuwa amekaa pembeni. Wanasema chelewa chelewa utakuta mwana si wako. Huyu alikuwa wake, lakini alizaliwa bila yeye.

Melur alifumbua macho. "Mak," alisema, "ulikuwa wapi?"

Mak Senah, aliyeliza merikebu nzima ya mabaharia kwa maneno, alifungua mdomo. Akatafuta neno. Alikuwa ameyatumia yote asubuhi ile, kila moja mahali pasipohitajika, na kwa mwanawe hakubakiwa nalo. Alikaa chini, akaushika mkono ambao sasa haukuwa na haja tena ya kushikwa. Melur alimwachia aushike.

Baraza lilipokutana tena, watu walimgoja Senah awaeleze yote hayo, tena kwa urefu, na wengine walikuja na chakula kabisa. Alipanda ngazi polepole na kapu la matope kichwani, akalitua katikati ya sakafu safi. "Mwenye la kusema aje na lake," alisema, akaketi. Tok Dahlan akainuka ili amshukuru. Watu wote wakamtazama mikono. Mzee wa watu akaitazama naye, akakunja saruni yake na kuteremka mtoni.

Ndivyo mambo yalivyobaki kuanzia siku ile. Pale Kuala Renjong, awe mkubwa au mdogo, mwenyeji au mgeni, hakuna anayefungua mdomo barazani kabla ya kuchota kapu la matope mtoni na kulipandisha ngazi. Wengi hutua kapu katikati ya ngazi, wakajifikiria, wakarudi nyumbani. Bandari iko wazi, na mikutano huisha mchana haujaingia. Wageni wanaoshuka melini huuliza, kwa nini mnateseka hivi, kuna faida gani, nani alianzisha? Huuliza maswali mengi, wageni. Wenyeji hawawajibu, maana kujibu nako ni kusema. Huwanyooshea kidole tu kuwaonyesha makapu yalipo.