Kiwanja cha Mteremkoni

Hapo zamani, na simaanishi zamani ya majini na wafalme, nasema zamani ya juzi tu, tiketi za bahati nasibu zikiuzwa mpaka kwenye magenge ya nyanya, palikuwa na mji unaitwa Mteremkoni. Mji wenyewe ulikaa ubavuni mwa mlima, wima kabisa. Ukiangusha kitunguu mlangoni kwako, unakwenda kukiokota kwa jirani wa chini. Mahali pa tambarare palikuwa pawili basi: barabara ya lami, na kiwanja cha Namkunda.

Namkunda alikuwa mjane, tena kocha wa mpira wa pete. Kile kiwanja aliachiwa na marehemu mumewe. Walikuwa wajenge, hawakujenga, mume akafa. Akabaki amepanga chumba kimoja kinachovuja, yeye na Sipora, binti wa marehemu dada yake. Sipora ndiye mfungaji wa timu. Msichana mrefu, mkimya, lakini mpira ukimfika mikononi watu wanaanza kushangilia kabla hajarusha.

Mtaniuliza, kwa nini wasicheze hapo kiwanjani kwake? Kwa sababu palikuwa mawe na visiki vitupu, na kupasawazisha kulitaka mashine. Kwa hiyo walicheza barabarani. Msichana mmoja anasimama juu, mwingine chini, gari likija wanapiga mluzi, wote wanarukia mtaroni, gari likipita wanarudi. Kila jioni Namkunda alikuwa roho juu.

Sasa, sehemu ya kila tiketi ya bahati nasibu iliingia kwenye Mfuko wa viwanja vya michezo. Watu wa Mteremkoni walinunua tiketi kweli kweli, wakakosa kweli kweli, wakajifariji: si neno, tumewachangia watoto. Mwisho akaja Bwana Ndosi, ofisa wa Mfuko. Akasimama sokoni, mkono mmoja kwenye mlango wa gari, injini haijazimwa.

"Zamu yenu imefika," akasema. "Mfuko unawapa fedha za kiwanja. Za kiwanja, jamani, si za kitu kingine. Tutakuja kukagua."

Akapanda gari, huyo, akaenda zake.

Fedha za kiwanja. Mmelisikia hilo neno? Kiwanja ni pale unapochezea mpira. Na kiwanja ni kipande cha ardhi unachonunua ukajenga. Neno ni hilo hilo, na Bwana Ndosi alishafika kona ya pili.

Mwenyekiti wa mji alikuwa Mzee Senzota, mtu mnyoofu mpaka anachosha. Maisha yake yote kazi yake ilikuwa kuamua ugomvi wa mipaka. Kwake yeye kiwanja kilikuwa ardhi na hati. Akaitisha mkutano.

"Fedha ni za kiwanja," akasema, "basi tununue kiwanja. Mama kocha, cha kwako ndicho tambarare. Utatuuzia?"

Watu wakaitikia kwa pamoja, wauziwe. Namkunda akasimama. Yeye alijua. Pale mkutanoni alikuwa na kiwanja cha aina moja, na alikuwa akikililia cha aina ya pili. Alijua Bwana Ndosi alimaanisha mashine, na nguzo za magoli, na uzio. Alijua wakishanunua ardhi hazitabaki fedha hata za kung'olea kisiki. Maneno yalimfika kabisa kwenye ulimi: Mwenyekiti, sivyo. Kisha akakumbuka ndoo zinavyopangwa chini ya bati mvua ikinyesha, na Sipora anavyolala amejikunja kuzikwepa. Akajiambia, watu watakuja na majembe, tutasawazisha wenyewe.

Akasema, "Nitawauzia."

Akauza, tena kwa bei ya halali, hakuna aliyelalamika. Akapata kipande cha ardhi pale pale juu mlimani, akajenga vyumba viwili, bati jipya. Mvua ya kwanza iliponyesha Sipora alilala kifudifudi, amejinyoosha, akicheka peke yake. Namkunda alilia kwa furaha.

Watu hawakuja na majembe. Kila aliyeombwa alijibu, kwani fedha za Mfuko zimekwenda wapi? Nyasi zikaota juu ya visiki, na wasichana wakaendelea kucheza barabarani.

Bwana Ndosi akarudi kukagua. Safari hii alizima gari.

"Kiwanja kiko wapi?"

"Umekikanyaga," akasema Mzee Senzota.

"Mzee wangu, hii ni nyika."

"Ni kiwanja. Hati ninayo ndani."

Bwana Ndosi akakaa juu ya jiwe, akashika kichwa. Aliposema tena alisema polepole: Mfuko hautatoa kitu Mteremkoni mpaka fedha zile zirudi. Zikirudi, mashine itakuja.

Na wakiwa wanabishana hapo, kule barabarani lori la ndizi likakatika breki. Mluzi ulipigwa. Wote waliruka. Sipora alirudi kuufuata mpira, maana timu haikuwa na mwingine. Hospitali walimkata mguu juu ya goti.

Baada ya hapo ndipo mji ukakaa kuamua nani arudishe fedha.

Mzee Senzota akasema, "Sikula hata shilingi. Niliambiwa kiwanja, nikanunua kiwanja. Mngeniambia mashine, ningeleta mashine."

Bwana Ndosi akasema, "Mtu wa michezo akisema kiwanja anaeleweka. Sikushuka garini, ni kweli. Miji ni mingi na gari ni moja. Ningeshuka kila mahali, wengine wangekosa kabisa."

Watu wa mji wakasema, "Sisi msituguse. Tulishalipa, tiketi kwa tiketi."

Namkunda akasimama. Hakuna aliyekuwa amemtaja.

"Mimi nilijua," akasema. "Nilijua nikanyamaza. Nilikuwa nimechoka kuloa."

Hakuna aliyemtukana, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. Kisha mtu mmoja nyuma akasema kwa upole kabisa kwamba basi nyumba ya mama kocha iuzwe, fedha zirudi, mashine ije, wasichana watoke barabarani. Na mwingine akamgeukia huyo wa nyuma, akamuuliza, na Sipora utamlaza wapi na mguu ule?

Namkunda alirudi nyumbani. Sipora alikuwa kitandani karibu na dirisha, na dirisha lile linakitazama kiwanja.

"Mama mdogo," akauliza, "wameamua?"

"Bado."

"Wakikisawazisha, utanipeleka nikae pembeni niwatazame?"

Namkunda alijibu ndiyo. Angejibu nini?

Haya, mimi maneno yangu yamekwisha, msinitazame usoni. Yupo aliyesema neno moja akaondoka, yupo aliyelisikia nusu akalitekeleza lote, wapo waliokataa kuinua jembe, na yupo aliyeelewa akanyamaza. Je, nani alistahili kulipa? Na mkisema ni Namkunda, nani kati yenu atakwenda kumwambia Sipora afungashe?