Kisheti cha Mwali

Wenzangu, nigawe?
Gawa, tuonje!
Nigawe kwa jina la Mola?
Gawa, vinywa viko wazi!

Paliondokea mji wa wanyama. Mji ule ulikuwa na desturi: siku ya harusi, visheti hugawiwa sawasawa kwa koo zote zilizofika. Kikibaki kimoja, mwenye harusi anamlipa mgawaji kuku mmoja. Vikibaki viwili, kuku wawili. Na mgawaji ni nani? Mmeshamjua. Fisi!

Bi Digidigi akamwoza bintiye, Mwanakheri. Alikuwa na kuku tisa tu, zawadi ya binti ya kuanzia maisha. Hana kingine. Zikafika koo kumi.

Fisi akahesabu. "Elfu mbili mia tano kumi na tisa! Koo kumi, vinabaki tisa. Lete kuku tisa, mama!"

"Ee Mungu! Na ukoo wa Kobe tukijiondokea?" akauliza Mzee Kobe.

"Koo tisa, vinabaki vinane."

"Na sisi Nungunungu tukitoka?"

"Koo nane, vinabaki saba. Tokeni tu! Mnadhani jikoni nilikuwa naonja kwa njaa? Nilikula mpaka ikafika hesabu ninayoitaka!"

Bi Digidigi akalia. Ndipo sauti ikatoka chumbani: "Mama, na changu?"

Jamani, kisheti cha kwanza kutoka mafutani huwekewa mwali. Kilikuwa chini ya kawa, Fisi hakukiona.

"Kitieni humo, wageni wapate kula," akasema Mwanakheri.

Fisi akacheka, hi hi hi! "Kimoja? Tia!"

Wakatia. Sasa elfu mbili mia tano na ishirini. Fisi akagawa kwa koo kumi. Hakikubaki.

"Kobe, toka!" Akagawa kwa tisa. Hakikubaki.

"Nungunungu, nawe toka!" Akagawa kwa nane. Hakikubaki, hata chenga!

Vigelegele! Kobe na Nungunungu wakarudishwa kwa shangwe, vikagawiwa kwa koo kumi, na kila ukoo ukamtolea mwali kisheti kimoja. Mwanakheri akatoka na kuku wake tisa na visheti kumi.

Fisi akamkimbilia. "Mwanangu, hivyo kumi nikugawie mimi!"

"Gawa, baba. Niko peke yangu. Vinabaki vingapi?"

Fisi akajiendea zake, mate yanamtoka.

Nimegawa yote, kumebaki?
Hakijabaki!
Palipopungua ni ulimi wangu, palipokolea ni neema ya Mola. Futeni midomo, tukalale.