Nafasi Moja kwenye Orodha ya Bi Melania

Hapo zamani, na zamani yenyewe msiitafute mbali, ni juzijuzi tu, paliondokea mama mmoja fundi mitambo katika chuo kikuu kimoja cha bara. Jina lake Bi Melania. Kazi yake ilikuwa kuwaingiza watu kwenye mtandao wa chuo, ule usio na waya.

Mtandao ule ulikuwa na ulinzi mkali. Ukibisha hodi unaulizwa jina, unaulizwa namba ya usajili, unaulizwa neno la siri. Simu inajibu, kompyuta inajibu. Lakini visomeo, vile vidude vya kusomea vitabu, vinajua kujibu neno la siri peke yake. Vikiulizwa jina vinaduwaa. Ndiyo maana chuo kilitenga orodha ya mashine bubu: printa, runinga na jamaa zake. Mashine ikiandikwa namba yake pale, inapita bila kuulizwa. Orodha ilikuwa na nafasi hamsini, na Ijumaa ya kisa hiki zilibaki mbili. Sasa hapa sikilizeni vizuri: Bi Melania aliruhusiwa kuandika, hakuruhusiwa kufuta. Kufuta ilikuwa kazi ya mkuu wake, na mkuu alikuwa safarini hadi Jumatano.

Saa tano asubuhi akaingia Gwamaka, kijana wa mwaka wa pili.

"Shikamoo mama. Nina sapu Jumatatu, mtihani wa marudio, na kitabu kiko maktaba ya mtandaoni. Nikifeli nadisko, nafungasha narudi nyumbani."

"Marahaba. Nitajie namba ya hicho kidude."

Gwamaka akakigeuza, akasoma namba iliyochapwa mgongoni. Bi Melania, chai mkono mmoja, akaiandika. Kijana akashukuru, akaenda zake.

Saa saba akarudi. Kisomeo kimegoma. Nyuma yake yupo Shufaa, mwenzake wa darasa, na kisomeo chake, na sapu hiyohiyo. Bi Melania akahangaika weee, kosa halioni. Shufaa akaketi sakafuni, akafungua mipangilio, akaingia ndani, akaingia ndani zaidi, mpaka chini kabisa.

"Mama! Ile ya mgongoni ni namba ya kiwandani. Namba ya mtandao ni hii hapa, imejificha!"

Lo! Bi Melania aliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Miaka tisa kazini, leo kaandika namba ya kiwandani, na nafasi imekwenda na maji. Ikabaki moja.

Hajameza mate, mlango ukagongwa. Ni Elibariki. Huyu macho yake ni dhaifu tangu utotoni, maandishi ya karatasi hayaoni. Kwenye kisomeo huzikuza herufi mpaka zikamtosha. Naye ana sapu. Naye Jumatatu.

"Basi someni pamoja, wanangu," akasema Bi Melania.

Wapi! Elibariki akikuza herufi, ukurasa hubaki na maneno kumi, na kitabu kina kurasa mia nne. Siku ni mbili. Atakayeshika kisomeo hana muda wa kumpa mwenzake, na kioo chake kinatosha macho ya mtu mmoja tu. Simu je? Maktaba ilikifunga kitabu kile kwa visomeo tu, tena kwa mtandao wa chuo tu, na msiniulize kwa nini, mimi si maktaba! Nakala ya karatasi ilikuwa moja, ya kusomea humohumo, na Jumamosi maktaba hufungwa saa sita mchana, haifunguliwi tena hadi Jumatatu.

Gwamaka akasema: "Mimi nilitangulia, mama, na nafasi nilishapewa. Nilikusomea namba niliyoiona. Fundi ni wewe. Kosa la fundi nililipie mimi?"

Shufaa akasema: "Ulitangulia na namba mbovu! Mimi ningeweza kunyamaza, nikaandikisha yangu, nikaondoka, nanyi mkabaki mnakuna vichwa. Nimesema kweli mbele yenu wote. Leo ukweli wangu ndio uniponze?"

Elibariki akasema taratibu: "Mimi sikutangulia, wala sikugundua kitu. Lakini hawa wenzangu wana ile nakala ya maktaba."

"Nakala moja!" Gwamaka akaruka. "Nusu siku! Kurasa mia nne!"

"Hata hiyo nusu siku mimi sina," Elibariki akasema. "Mkiniachia wiki nzima nitapapasa karatasi tu. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti, mama."

Bi Melania akashika tama. Aliwahurumia wote watatu, na zaidi alijikasirikia mwenyewe, kwa kuwa asubuhi zilikuwapo nafasi mbili. Akampigia mkuu wake simu. Haipatikani. Akapiga tena. Haipatikani. Saa tisa na nusu ofisi hufungwa, na ukutani saa ilishatimiza tisa na dakika ishirini.

"Wanangu, mnaniua," akasema.

Akaandika namba moja, tarakimu kwa tarakimu, akaisoma mara tatu, akabonyeza. Mmoja akashusha pumzi. Wawili wakatoka bila kuaga.

Ya nani? Aa, hapo sitaji! Mara ya mwisho nilipoisimulia, watu nusura washikane mashati. Semeni ninyi mliokaa hapo mnaguna: yule aliyetangulia akapotezewa nafasi yake, yule aliyesema kweli alipoweza kunyamaza, au yule asiye na pengine pa kusomea? Kidole kiwe chako, mlango uwe unafungwa, nao wamesimama mbele yako wanakutazama: je, nani alistahili?