Sheria ya Kisima cha Chui

Hapo zamani za kale, enzi ambazo wanyama walipika, walifua na kugombana kama sisi, Chui alikuwa mwenye kisima. Sogeeni karibu, na wewe acha kutafuna kucha!

Chui alitunga sheria: mwenye manyoya meusi asiteke maji kisimani. Achote kwenye dimbwi la matope, nyuma huko.

Bi Chausiku, nguchiro mweusi tii, alikuwa na mwanawe, Tabu. Siku tatu mtoto alikuwa akiharisha kwa maji yale machafu, midomo imempasuka. "Mama, kiu," alinong'ona. Maskini Bi Chausiku! Alilia, akajifuta machozi, akashika njia ya barazani, walikokutana Chui na wazee.

Desturi ya baraza lile ilikuwa hivi: neno likiitikiwa "Naam!" mara tatu, ngoma inapigwa, limekuwa sheria. Halitenguliwi ila kwa "Naam!" tatu nyingine.

"Umekuja kulalamika?" Chui akanguruma.

"Hasha, bwana wangu! Nimekuja kuisifu sheria yako."

"Lo, msaliti huyu!" akaguna Nyati, naye mweusi vilevile.

Bi Chausiku akasimama katikati. "Wazee wangu, maji safi si yanataka viumbe safi?"

"Naam!"

"Na weusi ni uchafu, kama mlivyotufundisha?" Neno lile lilimchoma, lakini alilitamka.

"Naam!"

"Basi hata chembe ya weusi, iwe mgongoni, iwe mkiani, iwe kinywani, isiyaguse maji yale!"

"Naaam!" Punda Milia aliruka kwa furaha.

Ti! Ti! Ti! Ngoma ikalia.

"Ahsanteni. Tuanze na mwenye kisima. Bwana Chui, hayo madoa?"

"Haya? Haya ni... mapambo!"

"Meusi, si meusi?"

Punda Milia akaanza kurudi nyuma taratibu.

"Mimi sina doa jeusi!" Twiga akajigamba.

"Toa ulimi, kaka."

Ulimi ukatoka, mrefu, mweusi kama kitako cha chungu. Kwa! kwa! kwa! Baraza likaangua kicheko.

"Mkuki kwa nguruwe!" Nyati akasema, akaenda kusimama kisimani na pembe zake. Nani angempita?

Jua likawaka. Kufikia saa nane Chui alikuwa akihema, ulimi nje. "Bi Chausiku, dada yangu, kiu inaniua."

"Mwanangu anayo siku ya tatu leo."

Chui akainamisha kichwa. Aliona haya, tena haya ya kweli. Kisha akasimama mwenyewe. "Wazee, sheria hii ife! Kila mwenye kiu anywe!"

"Naam! Naam! Naam!"

Bi Chausiku hakungoja ngoma. Alikwisha kujaza kibuyu, mbio nyumbani, akamwinua Tabu kichwa. Gudu, gudu, gudu, mtoto akanywa, akaomba tena.

Basi wanangu, dhuluma huitwa sheria mpaka siku inapomkaba koo aliyeitunga.