Ukanda wa Chengo

Paukwa!

Pakawa!

Kaondoka na ngao mkononi.

Arudi nayo!

Basi tulieni. Na wewe unayetafuna muwa, hebu tua. Hapo kale palikuwa na mama mmoja, Nyamvula, fundi wa kushona kanda za ngao, zile anazopitishia mkono mpiganaji ili ngao isimponyoke. Desturi yake ilikuwa moja. Akishamvisha mtu ngao, huushika ukanda akauvuta. Huvuta, huvuta, huvuta. Usipokatika, ndipo humwambia, "Nenda."

Mwanawe wa pekee, Chengo, alikwenda vitani na rafiki yake Mkala. Mkala akarudi. Chengo hakurudi. Mji mzima ukasema Mkala alimkimbia mwenzake. Miaka mitatu watu walimpa mgongo, naye kimya.

Vita vikaja tena. Mkala akaleta ngao yake.

"Mama, ukanda umechakaa. Nishonee mwingine."

Nyamvula alikuwa na uchungu, jamani, msimlaumu upesi. Alishona ukanda mzuri, kisha kwa ndani, palipofichwa na mshono, akaukata kwa kisu. Kikabaki kipande chembamba cha kushikizia tu.

Siku ya kuondoka akamvisha. "Nenda."

"Mama, hujavuta."

"Nenda tu."

Mkala hakuondoka. "Vuta, mama. Hata Chengo hukumvutia."

Nyamvula akakumbuka. Ni kweli. Siku ile alimkumbatia mwanawe, akalia, akasahau.

Mkala akatoa mkobani ukanda uliokatika. Mshono ulikuwa wa Nyamvula mwenyewe.

"Ukanda wa Chengo ulikatika, ngao ikamponyoka. Nikamfunika kwa yangu mpaka akakata roho. Akaniambia, 'Usimwambie mama.' Nimenyamaza. Lakini leo nami nataka kurudi."

Nyamvula akavuta. Mara ya kwanza, ukalia. Mara ya pili, ukatatuka. Mara ya tatu, ukabaki mkononi mwake.

Mkala aliiona alama ya kisu. Akanyamaza, kama alivyozoea.

"Kaa, mwanangu," akasema Nyamvula. Akashona upya, uso kaugeuza pembeni, machozi yasiiloweshe ngozi. Akavuta, akavuta, akavuta.

"Sasa nenda. Ukirudi, nitawaambia watu yote. Hata ya kisu."

Kaondoka na ngao mkononi!

Arudi nayo!

Alirudi. Na mama akasema yote, mbele ya mji mzima.

Hadithi yangu imefika mshono wa mwisho. Nimeivuta mara tatu, haikukatika. Ichukueni.